Mawaridi na maradhi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka dawa za asili

Nina kitalu kidogo cha miche upande wa Arusha, na kabla ya kuhamia huku nililea mawaridi uani kwetu Tanga kwa miaka mingi. Wateja wangu hawaji na swali tu, huja na ushahidi. Kuna anayeleta jani limefungwa kwenye gazeti, kuna anayeleta picha kwenye simu, na kuna mama mmoja aliyewahi kushuka kwenye daladala amekumbatia chungu kizima, miiba ikimchoma shingoni. Haya ndiyo wanayoniuliza zaidi.

Dawa ipi ya asili inatibu mawaridi?

Hakuna dawa ya mawaridi. Kuna dawa ya mdudu fulani au ya ukungu fulani, na inayomuua mmoja mara nyingi haimgusi mwingine. Kwa hiyo kabla hujakoroga chochote, geuza jani. Watu hunionyesha upande wa juu, na kesi nyingi ziko upande wa chini.

Ukikuta vijidudu vya kijani au vyeusi vimebanana kwenye kikonyo cha kitumba, hao ni vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Jani likiwa limepauka kama lililonyunyiziwa chumvi laini, na chini yake kuna kitu kama vumbi, lipukutishe jani hilo juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiri unga. Doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, na jani linageuka njano kulizunguka, ni ugonjwa wa madoa meusi. Vipele vya rangi ya machungwa chini ya jani ni kutu. Kitumba kinachokataa kufunguka, petali zake zikiwa na kingo za kahawia, kina thripsi ndani. Dakika tano za kuangalia zitakuokolea wiki tatu za kupuliza kitu kisichofaa.

Vidukari wamejaa kwenye vitumba. Nifanye nini leo?

Leo chukua maji. Mpira wa bustani wenye nguvu ya kutosha unafaa, na kama huna mpira, hata chupa ya kupulizia itafanya kazi. Shika tawi kwa mkono wenye glovu, elekeza maji kwenye vitumba na chini ya majani, uwaangushe. Kidukari ni laini, amechomeka mrija wake ndani ya shina, na akishabanduliwa kwa nguvu ni wachache wanaoweza kupanda tena. Rudia asubuhi tatu mfululizo. Sababu ya kurudia ni kwamba jike hahitaji dume. Huzaa watoto hai, nao huzaliwa wakiwa tayari na mimba changa tumboni. Ukimwacha mmoja Jumatatu, baada ya juma moja au mawili ana ukoo.

Kabla hujaenda mbali zaidi ya maji, tazama tena kwa makini. Katikati ya vidukari wa kijani utawaona wengine wamevimba, rangi ya karatasi ya kaki, hawatikisiki. Hao wameshakufa. Kuna nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai ndani ya kidukari. Lava humla kwa ndani, kisha hutoka kwa kutoboa kitundu cha mviringo mgongoni. Ukiona maganda hayo yenye matundu, jua kuna anayekufanyia kazi bure, na dawa yoyote utakayopuliza itamuua yeye kabla ya kuwamaliza vidukari.

Mwingine ni mdudu kibibi, yule mviringo mwekundu mwenye vidoa vyeusi. Mkubwa kila mtu anamjua na kumpenda. Mtoto wake ndiye anayeonewa. Hana sura ya mama yake hata kidogo, ni kijimamba cheusi chenye vibaka vya machungwa, kinatembea haraka juu ya majani, na watu humponda wakidhani wamekamata mharibifu. Hicho kijimamba hula vidukari kwa makumi kila siku. Kiache.

Kisha jiulize unalisha nini. Samadi mbichi na urea hutoa machipukizi marefu, laini, yenye maji mengi, na hiyo ndiyo karamu ya vidukari. Mboji iliyoiva, ndoo ndogo kwa shina kila msimu wa mvua, huleta ukuaji wa taratibu na majani magumu.

Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Wanakula waridi?

Hawali waridi, wanafuga. Vidukari na wadudu gamba hutoa maji matamu, na sisimizi huyakamua kama wafugaji wanavyokamua ng'ombe, huku wakiwafukuza wadudu kibibi na nyigu wanaotaka kula mifugo yao. Yale masizi meusi yanayokaa juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye huo utamu uliomwagika. Ukiondoa vidukari masizi hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Funga utepe wa karatasi ngumu kwenye shina, upake grisi au jeli ya mafuta juu ya utepe (usipake moja kwa moja kwenye gome), na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta au ua wa jirani, maana hilo litakuwa daraja. Pwani ukikuta sisimizi majimoto wameshona majani, fikiri mara mbili kabla ya kuwafukuza kwenye bustani nzima. Kwenye minazi na mikorosho ni walinzi wanaothaminiwa. Kwenye waridi moja lililo karibu na mlango ni adha tu, hasa ukiwa umevaa kanga na kandambili.

Sabuni gani, na kiasi gani?

Sabuni ya mche, ile ya kipande, isiyo na manukato mengi. Kwangua kijiko kimoja cha chakula, yeyusha kwenye maji kidogo ya moto, ongeza maji baridi hadi lita moja. Inaua kwa kugusa: mdudu asipolowa hafi, na ikishakauka haina kazi tena. Puliza hadi idondoke, upande wa chini wa majani kwanza, jua likiwa limeshuka. Asubuhi inayofuata suuza kwa maji safi.

Sabuni ya unga ya kufulia ni jambo jingine. Mwaka wangu wa kwanza Tanga nilikoroga gao zima kwenye ndoo, nikanyunyiza saa saba mchana, nikajisifu. Kufikia Ijumaa majani yalikuwa na kingo za kahawia kama yaliyopitishwa kwenye pasi, na vidukari wawili watatu walikuwa bado wanatembea juu yake. Kwa mchanganyiko wowote mpya, jaribu kwanza kwenye tawi moja na usubiri siku mbili.

Mwarobaini unafanya kazi kweli, au ni jina tu?

Unafanya kazi, lakini si kwa namna watu wanavyotegemea. Kiini chake, azadiraktini, hakimwangushi mdudu papo hapo. Kinamkatisha hamu ya kula na kuvuruga kujivua kwake ngozi, hivyo watoto hawakui. Mtu anapuliza jioni, asubuhi anakuta viwavi wapo, anasema dawa ni feki. Angalia baada ya siku tano hadi saba: je, wanaendelea kula? Je, wameongezeka?

Nguvu kubwa iko kwenye mbegu, majani yana kidogo. Kausha mbegu kivulini, menya, twanga kokwa, chukua gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike. Kama una majani tu, ponda kilo moja kwa lita tano, loweka vivyo hivyo. Mafuta ya mwarobaini ya dukani hupimwa kijiko kimoja cha chai kwa lita, na lazima yakorogwe na sabuni la sivyo yanaelea. Jua huivunja dawa hii haraka, ndiyo maana hupulizwa jioni, na iliyochujwa leo usiiweke hadi wiki ijayo. Watu wa pwani na wa Dodoma mna miti mtaani. Huku mlimani tunanunua mbegu, kwa hiyo mkiwa nayo msiifagie na kuichoma.

Na pareto? Si ni ua tu?

Ni ua, tena ua letu. Linalimwa Iringa na Mbeya, Kenya, na kwenye nyanda za volkano za Rwanda. Lakini ni sumu ya neva ya wadudu, na haichagui. Inaangusha vidukari, inaangusha na nyuki na wadudu kibibi. Mimi huiweka mwisho, kwa siku ambayo maji, sabuni na mwarobaini vimeshindwa. Unga wa pareto gramu 20 kwa lita kumi za maji, na sabuni kidogo, upulizwe magharibi nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Mwanga wa jua huimaliza nguvu upesi, jambo ambalo ni zuri.

Soma kibandiko unaponunua iliyo tayari. Nyingi zinazoandikwa kwa herufi kubwa kuwa zinatokana na pareto ni za kutengenezwa kiwandani, jamaa zake wa kemikali tu, nazo hukaa siku nyingi kwenye majani. Kwa Tanzania tafuta namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Babu yangu alitumia maji ya tumbaku. Kwa nini hamyataji?

Kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi, na kikombe cha maji ya tumbaku kilichoachwa jikoni kinaweza kumuua mtoto. Viwango vingi vya kilimo hai vinaikataza. Shikamoo zake babu, ila hapo hapana.

Majani yamepauka na kuna utando kama wa buibui. Nimepuliza pareto imezidi.

Huo ni utitiri, na umezidi kwa sababu ya pareto. Utitiri si mdudu wa miguu sita, ni wa ukoo wa buibui na kupe. Kuna utitiri mwingine, mlaji, ambaye kazi yake ni kuwala hawa, na dawa yako imewaua walinzi ikawaacha wezi.

Msimu wake ni kiangazi, Januari na Februari, hasa kwa mawaridi yaliyo kwenye vyungu barazani au karibu na barabara ya vumbi. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, yai huwa mtu mzima kwa wiki moja hivi. Dawa ya kwanza ni maji chini ya majani, kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki mbili. Vumbi liondoke, unyevu uongezeke, utando uchanike. Majani yaliyochakaa sana ya chini yakate uyachome. Ukitaka kuongeza, sabuni au mafuta ya mwarobaini yatasaidia. Na mwagilia udongo wenyewe: waridi lenye kiu hushambuliwa kwanza.

Wakulima wakubwa wanajua hili. Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, utitiri mlaji aitwaye Phytoseiulus persimilis hufugwa kwa makusudi na kumwagwa juu ya mawaridi kutoka kwenye chupa, kama mtu anayenyunyiza pumba. Hilo halikuanza kwa huruma. Utitiri ulizizoea dawa moja baada ya nyingine, na gharama ikawa haivumiliki.

Madoa meusi na ubwiri unga: si yote ni fangasi? Kwa nini dawa ziwe tofauti?

Hili ndilo ninalolieleza kila siku, kwa hiyo nivumilie.

Mbegu za ugonjwa wa madoa meusi haziwezi kuingia kwenye jani kavu. Zinahitaji jani lililolowa mfululizo, saa saba hivi. Ndiyo maana Tanga, Mombasa na Unguja wakati wa masika, waridi linaweza kuvuliwa majani yote kuanzia chini hadi likabaki vijiti. Anayemwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani saa kumi na mbili jioni anatengeneza masika yake mwenyewe: jani linalala mvua, linaamka mvua, ugonjwa umeshaingia. Hakuna dawa itakayoshinda tabia hiyo. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye shina.

Ubwiri unga ni kinyume. Hauhitaji jani kulowa, na maji yakisimama juu ya jani yanauharibu. Unapenda mchana mkavu wa joto la kadiri na usiku wa baridi wenye unyevu hewani. Hapo umeitaja Arusha ya Juni hadi Agosti, Lushoto, Limuru, Njombe. Majani machanga hujikunja, vikonyo vya vitumba huwa vyeupe kama vilivyopakwa unga wa muhogo. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaujua ubwiri unga kwenye mikorosho. Ni ugonjwa wa aina hiyohiyo lakini ukungu wenyewe ni mwingine, hautoki kwenye mkorosho ukaingia kwenye waridi.

Kwa hiyo ukisikia ushauri wa kuosha majani kwa maji, uliza ni wa ugonjwa gani. Huku mlimani kipupwe kikiwa kikavu, naosha mawaridi yenye ubwiri unga saa tatu asubuhi ili yakauke kabla ya saa sita, na naona faida. Ningefanya hivyo jioni Tanga, ningekuwa nimeyazika.

Kwa madoa meusi, kazi kubwa ni usafi. Okota kila jani lililoanguka, maana ukungu unakaa humo ukisubiri tone la mvua liurushe juu. Usiyatie kwenye mboji ya nyumbani, yachome au yafukie mbali. Weka matandazo ya nyasi kavu au maranda, unene wa vidole vinne, yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina ili mchwa wasipate njia. Pogoa katikati ya kichaka iwe wazi kama bakuli, upepo upite. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90. Kisha ndipo uzungumze habari ya dawa.

Maziwa yanatibu ubwiri unga?

Yanasaidia, hasa kuzuia. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio ya maziwa ya ng'ombe kwenye maboga machanga yenye ubwiri unga, akaona yanadhibiti vizuri, na tangu hapo wakulima wa bustani wameyahamishia kwenye mawaridi. Sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, mara moja au mbili kwa wiki, wakati wa jua. Kwa waridi ambalo tayari ni jeupe kote usitegemee muujiza, na ukizidisha maziwa utapata harufu ya mgando na nzi wa jirani.

Na magadi?

Hapa watu wanachanganya vitu viwili kwa jina moja. Soda ya kuokea mikate, ile ya kopo dogo dukani, ni bikaboneti ya sodiamu. Magadi ya mawe ya kulainishia maharage, yanayotoka Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni makali zaidi na yataunguza majani. Tumia ya kopo: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nusu kijiko cha mafuta ya kula, matone machache ya sabuni. Inazuia ubwiri unga usienee. Kwa madoa meusi nguvu yake ni ndogo. Usiifanye desturi ya kila wiki mwaka mzima, kwa sababu ile sodiamu inashuka kwenye udongo na kubaki, na kwenye chungu haina pa kwenda.

Salfa na mrututu ni vya asili?

Ni madini, na kilimo hai kinayakubali kwa masharti. Kuyakubali hakuna maana kwamba hayana madhara.

Salfa ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa ubwiri unga, na inapunguza kutu na utitiri pia. Nunua ya kuchanganya na maji, fuata kipimo cha kibandiko. Usiipulize joto likipita nyuzi 30, itaunguza majani, kwa hiyo pwani wakati wa kaskazi isahau. Usiiweke ndani ya wiki mbili za kupuliza mafuta yoyote, ya mwarobaini yakiwemo. Funika pua na macho.

Mrututu (salfeti ya shaba) uliochanganywa na chokaa ni dawa ya wakulima wa mizabibu wa Bordeaux, Ufaransa, tangu miaka ya 1880. Unazuia madoa meusi kama ukiwahi kabla ya mvua, lakini shaba haiozi. Inarundikana kwenye udongo na kuwadhuru nyungunyungu. Mimi huutumia mara moja, mvua za kwanza zinapokaribia, kwa yale mawaridi mawili matatu ninayojua yataugua. Usichanganyie kwenye ndoo ya bati, mrututu unaila.

Kitunguu saumu na pilipili?

Vinawasumbua vidukari na viwavi kwa siku moja au mbili, vinakusumbua wewe macho wiki nzima. Sivipingi, sivitegemei. Kupanda kitunguu saumu kandokando ya mawaridi ni vizuri kwa sababu utapata vitunguu saumu. Ukitaka mimea jirani inayosaidia kweli, acha giligilani na bizari zichanue: maua yake madogo yanalisha wale nyigu wadogo waliotajwa kwenye vidukari.

Jani limekatwa miviringo safi kama kwa mkasi. Ni nani huyu?

Nyuki mkata majani. Haili waridi lako, anachukua vipande akajengee vyumba vya watoto wake. Usimfanye kitu.

Vitumba vinatobolewa, au vinafunguka vimeungua kingo.

Tundu moja la wazi na kinyesi pembeni ni kiwavi, mara nyingi funza wa vitumba, yuleyule wa pamba na nyanya. Kwa vichaka vichache, mtoe kwa mkono asubuhi na ukate kitumba kilichoharibika. Kwa bustani kubwa ipo dawa ya bakteria iitwayo Bt, inayowadhuru viwavi wakiila na kuwaacha nyuki salama. Ipulizwe wakiwa wadogo, jioni. Kuna pia nondo ambaye kiwavi wake huingia kwenye pilipili, machungwa na vitumba vya waridi vilevile. Umoja wa Ulaya humhesabu kuwa mdudu wa karantini, naye ni mmoja wa wanaowanyima usingizi wauzaji wa mawaridi wa Kenya. Kwa nyumbani inatosha usiache machungwa yakiozea chini karibu na mawaridi.

Kingo zilizoungua ni thripsi. Gonga ua juu ya karatasi nyeupe utaona vijiti vyembamba vya kahawia vinakimbia. Wanapenda maua meupe na ya njano. Dawa haiwafikii wakiwa wamejificha kati ya petali, kwa hiyo kata maua yote yaliyoathirika, yafunge, yachome, kisha tundika vibao vya buluu vilivyopakwa gundi au grisi. Wenye banda kitalu waulizie dawa iliyotengenezwa kwa ukungu wa Metarhizium, unaoua wadudu. Kituo cha icipe cha Nairobi kilitafiti aina yake iitwayo icipe 69, nayo inauzwa.

Nimeona kinyonga kwenye waridi. Nimfukuze?

Najua alivyo na sifa mbaya mitaani. Mwache, na vunjajungu mwache pia. Wanakula nzi na viwavi. Hata hivyo ni haki kusema vunjajungu hula na nyuki.

Kutu na ukungu wa kijivu?

Kutu: kata majani yenye vipele, salfa kidogo, usilowanishe majani. Ukungu wa kijivu huja kwenye maua yaliyozeeka wakati wa mvua. Kata ua likishanyauka, usilisubiri lioze juu ya mti. Majani yakiwa na mabaka ya zambarau na kudondoka ghafla ndani ya siku chache za baridi na manyunyu, huo ni ubwiri vinyoya, na kinachosaidia ni hewa na ukavu.

Kuna uvimbe kama tangawizi kwenye shina, chini karibu na udongo.

Huo ni ugonjwa wa bakteria, na hauna tiba. Ng'oa mti na mizizi yake, choma, usipande waridi jingine hapohapo kwa miaka kadhaa, na ufute mkasi kwa spiriti. Ndiyo sababu mimi mche nausugua udongo kwenye shina mbele ya mteja kabla hajalipa. Niliwahi kununua miche thelathini kwa mtu bila kuikagua, kumi na mmoja ilikuwa na vinundu. Hakuwa tena na namba ya simu inayopatikana.

Nataka petali za marashi na chai. Nipulize nini?

Maji, na sabuni iliyosuuzwa kabla vitumba havijafunguka. Basi. Salfa huacha harufu, mwarobaini huacha uchungu, na mrututu haufai kumezwa. Kule Jabal Akhdar, Oman, mawaridi ya marashi huchumwa alfajiri kati ya mwisho wa Machi na Mei, petali zikaingia jikoni siku hiyohiyo. Kinachobaki kwenye petali kinaingia kwenye mrashi wa bibi arusi na kwenye kikombe cha mgeni. Kwa hiyohiyo sababu usitumie kwa chai wala marashi mawaridi ya kununua yaliyokatwa kwa ajili ya kupamba meza, hayakulimwa kwa kuliwa.

Nipulize mara ngapi kwa mwezi?

Swali hili huulizwa na mtu mwenye bomba jipya. Kagua mara mbili kwa wiki, puliza unapoona sababu. Kuna mawaridi kitaluni kwangu yanayomaliza mwaka bila kupulizwa chochote isipokuwa maji. Ni ya zamani, yana majani mazito yanayong'aa, na maua yake si makubwa. Yale ya maonyesho, ya petali mia na majani laini, ndiyo yanayonimaliza. Mteja akiniuliza lipi nimpe, namuuliza kwanza kama anaamka mapema.

Langu limepukutika lote, limebaki vijiti. Ning'oe?

Usikimbilie jembe. Kwangua gome kwa ukucha, karibu na ncha ya tawi. Ukikuta kahawia kavu, shuka kidogo ukwangue tena. Utakapokutana na kijani kibichi chenye unyevu, hapo pako hai. Kata kwa mkasi mkali, mkato wa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na uangalie moyo wa tawi: uwe mweupe. Ukiwa bado na rangi ya chai, kata tena chini. Okota majani yote, weka mboji, mwagilia asubuhi, na usipulize chochote. Jicho likivimba na kuwa jekundu kama kichwa cha kiberiti, ndani ya wiki tatu hivi, waridi lako lipo. Chipukizi likitoka chini ya pale lilipobebeshwa, yaani lilipounganishwa na shina la waridi jingine, likiwa na majani madogo tofauti na yale uliyoyazoea, lichomoe kwa mkono mpaka shinani. Hilo ni la mti wa chini, halitakupa ua ulilonunua.